Daftari la Nguo: Kisa cha Kijana wa Bodaboda na Mama wa Kangomba

Mwezi Januari 2019 mwanamke mmoja mfanyabiashara aliingia ofisi ya serikali ya mtaa, Manispaa ya Mtwara-Mikindani, akiwa na daftari kubwa kwapani. Akaliweka juu ya meza ya mwenyekiti, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akasema amekuja kudai nguo zake. Mdaiwa alikuwa dereva wa bodaboda, miaka 25. Nguo zilizoandikwa kwenye ukurasa ule zote zilikuwa za kiume.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Niliitwa kwa sababu mwenyekiti hakujua aandike nini kwenye kitabu chake. Madai ya kila siku anayajua: kodi ya chumba, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, deni la vikoba. Hili hakuwa na pa kuliweka. Pande zote mbili zimekubali niandike. Majina nimeyaacha na mtaa siutaji. Mwanamke nitamwita Mama, kama alivyoitwa na kila mtu pale, na kijana atabaki kijana.

Ukurasa wenyewe uliandikwa na mtu anayejua biashara. Jinzi tatu, kila moja 25,000. Mashati manne ya 18,000. Raba nyeupe jozi moja, 45,000. Moka jozi moja, 35,000. Saa ya mkononi, 40,000. Simu, 210,000. Mstari wa mwisho: kanzu na kofia yake, 65,000. Jumla shilingi 542,000, na pembeni tarehe ya kila kitu, kuanzia Novemba 2017 hadi Juni 2018. Nauli ya kwenda Kariakoo hakuiweka. "Hiyo nilikuwa nakwenda kwa mambo yangu," alisema, na hapo ndipo nilipomwamini.

Mtaani habari ilikuwa imeshapata mwisho wake kabla hatujakaa: kijana alikuwa analelewa, mama kafilisika, kijana kakimbia. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini hayaelezi jambo moja. Kijana yule alikuwa akipewa fedha na wanawake kwa karibu miaka minne kabla ya Mama, watu wakijua, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Heshima yake ilivunjika ndani ya msimu mmoja wa korosho, na iliyoivunja ni pamba, yaani nguo za kupendeza. Kwa miaka yote ile alivaa kwa namna iliyoficha mlipaji. Alipoanza kuvaa kwa namna inayomwonesha mlipaji, mji ukamgeuka.

Reflekta

Kijana alishuka mjini kutoka Newala mwaka 2013. Ulikuwa mwaka wa gesi. Januari na Mei mji ulichafuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Kisha pakatulia na kazi ya bomba ikaendelea. Hoteli za Shangani zikajaa wahandisi na wakandarasi. Kodi zikapanda. Kila kijana aliyekuwa na shati safi aliamini atapata kazi, na wengi walipata kibarua cha kuchimba mtaro.

Yeye alikipata kwa miezi mitatu, kisha wakapunguzwa. Alibaki na buti za usalama, reflekta ya rangi ya chungwa na kamba ya beji isiyo na beji. Vitu hivyo vitatu alivivaa jioni kwa mwaka mzima. "Kamba nilikuwa naitumbukiza kwenye mfuko wa shati," alinieleza, "mtu aone kama kuna kitambulisho chini yake." Alikuwa anakwenda baa za upande wa Shangani, anaagiza soda moja, anakaa nayo.

Mwanamke wa kwanza aliyempa fedha alikuwa mfanyabiashara kutoka Dar, mtu mzima, amepanga nyumba ya wageni mwezi mzima akifuatilia zabuni ya chakula. Siku ya pili aligundua kwamba kijana hana kazi yoyote. Hakujali. Asubuhi alimpa 30,000 akamwambia ni nauli ya kwendea saiti. Wote wawili walijua hakuna saiti, na kijana alizipokea, akavaa buti zake, akatoka saa kumi na mbili na nusu kama mtu anayewahi gari la kampuni.

Mimi naona ukurasa huo wa maisha yake ndio ufunguo, ingawa barazani hakuna aliyeuliza habari zake. Fedha ilihitaji nguo ya kuipokelea. Kwa mwanaume aliyevaa buti za kazi, 30,000 ile iliitwa nauli. Baadaye, bomba lilipozinduliwa Oktoba 2015 na wakandarasi wakaondoka, alichukua pikipiki kwa mkataba, kila siku hesabu kwa bosi, na jina la fedha likabadilika: sasa wanawake wake, wawili au watatu kwa nyakati tofauti, walikuwa wanampa "mafuta". Elfu ishirini ya mafuta, kwa mara moja. Nguo alinunua mwenyewe mtumba, siku belo linapofunguliwa sokoni, asubuhi, kabla vile vizuri havijachambuliwa. Kijiwe kizima kilijua nani anampa mafuta na kwa nini. Walimtania, wakamkopa, wakaendelea kumwachia zamu yake.

Vazi la kazi nyingine

Nimesoma kidogo jinsi biashara hii ya wanaume kulipwa kwa mapenzi inavyokwenda kwingine, maana kazi yangu hunikutanisha na watu ambao sheria haina picha yao, na nilichokuta kinafanana na reflekta ya Mtwara kuliko nilivyotarajia. London, karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa vikosi vya ulinzi wa kifalme, wenye mshahara mdogo na koti jekundu, walijulikana kwa kukutana na wanaume wenye fedha maeneo ya Hyde Park na kulipwa. New York, miaka ya 1950 na 1960, vijana waliosimama mtaa wa 42 karibu na Times Square walivaa jinzi, koti la ngozi na buti za wachunga ng'ombe, hata yule ambaye ng'ombe amemwona kwenye sinema tu. Pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1980, vijana wa Kisamburu hushuka msimu wa watalii na shuka, shanga na nywele za kimorani, na baadhi yao wamejenga nyumba kwao kaskazini kwa fedha za wanawake wa Ulaya. Wasomaji waliowahi kukaa Nungwi au Paje hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu shuka nyekundu ufukweni.

Askari, mchunga ng'ombe, morani, kibarua wa gesi. Kila vazi hapo linataja kazi nyingine. Anayenunua anataka mwanaume, na katika macho ya watu wengi mwanaume ni kazi yake. Akionekana anauza nafsi yake, kile kilichotafutwa kinapungua thamani palepale. Kwa hiyo nguo inatoa ushahidi kwamba huyu ana shughuli zake, hapa amepita tu. Koti la askari lilimlinda muuzaji na mnunuzi kwa pamoja.

Kabukicho, ile sehemu ya starehe ya Tokyo, wamekwenda njia nyingine kabisa. Kwenye klabu zao za hosuto mwanaume huvaa suti iliyombana, nywele zimetiwa rangi na kusimamishwa, picha yake imebandikwa barabarani kama ya mgombea ubunge, na wateja, wengi wao wanawake, hulipia meza yake na chupa za shampeni kwa bei za kutisha. Hakuna anayejifanya askari. Ila kule kuna jengo, kuna bosi, kuna wenzake kumi waliovaa vilevile wanaoshindania mauzo ya mwezi, na anayeongoza kwa mauzo anaheshimiwa na wenziwe. Mtu akivaa mavazi ya aina ile peke yake kwenye kijiwe cha bodaboda, amebeba fedheha yote bila kuwa na klabu ya kumpa sifa. Hicho ndicho kilichompata kijana wetu.

Msimu wa elfu nne

Mama alikuwa na miaka 41 mwaka 2017, ameachwa, watoto wawili wakubwa, anauza vitenge na nguo za kutoka Kariakoo, na msimu ukifika ananunua korosho kwa kangomba. Kwa asiye wa Kusini: kangomba ni kumfuata mkulima mwenye shida kabla au mwanzoni mwa msimu, kumpa fedha kidogo au chakula, na kuchukua korosho zake kwa bei ya chini kuliko ya mnada. Serikali inapiga vita jambo hilo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kupeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani, ulipoanza Mtwara mwaka 2007, na kila mwaka lipo. Msimu wa 2017 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyekuwa na mzigo wa kangomba mwaka ule aliona fedha ambayo hajawahi kuiona.

Alimpata kijana kama abiria. Akampa mafuta kama wengine. Lakini Mama ni mtu wa nguo. Hawezi kumtazama mtu bila kumpima mabega. Reflekta hakuipenda. "Unanukia petroli mpaka kwenye mto," alimwambia, na safari iliyofuata ya Kariakoo alirudi na jinzi za modo, zile za kubana miguu, na mashati mawili ya kubana. Kisha raba nyeupe. Raba nyeupe kwa dereva wa bodaboda wa Mtwara, mwezi wa Desemba, matope! Ilibidi aziweke kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti, azivae akifika. Jinzi zilipelekwa kwa fundi cherehani, zikabanwa; Mama akasema bado; zikabanwa tena. Saluni akawa anakwenda kila Ijumaa, denge linanyooshwa, ndevu zinachorwa, uso unapigwa skrabu.

Nilimuuliza Mama kwa nini. Nilitegemea atasema mapenzi. Alisema: "Wewe ungeniona kwenye shughuli ningekuwa na nani? Wenzangu wanakuja na waume zao, hata kama wanawapiga nyumbani. Mimi niende na mtu wa reflekta?" Alitaka mwanaume wa kuonekana naye, na alikuwa na fedha ya kumtengeneza. Sioni la kumcheka hapo. Wanaume wa msimu wa korosho wamekuwa wakiwanunulia wanawake vitenge na dhahabu ili watembee nao mjini tangu sisi tukiwa watoto, na hatukuita mkutano.

Kijiwe kilibadilika ndani ya wiki chache. Alipokuwa na reflekta aliitwa kwa jina lake. Sasa akaitwa Marioo, jina la mwanaume anayelelewa na mwanamke. Akifika wanamwuliza, "Shemeji yetu hajambo?" Zamu yake ikaanza kurukwa, kwa hoja kwamba yeye hana shida ya abiria. Kibaya zaidi zilikuwa zile jinzi zilizobanwa. Mtu anayelala kwa wanawake, tena wanawake ambao kijiwe kinawajua kwa majina, akaanza kusikia maneno ya kumtoa kwenye uanaume kabisa, kwa sababu tu ya upana wa suruali. Nguo ambayo Mama aliiona ya kiume kupita zote, kijiweni ilisomwa kinyume.

Wanawake wengine nao walimkimbia. Mmoja wao nilizungumza naye baadaye, muuza samaki wa feri, mcheshi. "Mwanaume aliyepigwa pasi vile ana mwenyewe," aliniambia. "Mimi namtaka anayekwenda kazini." Kwa hesabu ya biashara tu, nguo za Mama zilimpunguzia kijana wateja, zikamfunga kwa mlipaji mmoja. Sijui kama Mama alilikusudia hilo. Nilipomgusia alitabasamu, akaniuliza kama ninahitaji kitenge.

Kanzu

Mstari wa mwisho wa daftari ni wa aina yake. Kanzu ile ilinunuliwa mwanzoni mwa Juni 2018, Ramadhani ikielekea kuisha, pamoja na kofia ya kushonwa kwa mkono. Kijana aliivaa sikukuu ya Idi, akaenda nayo Newala kwao kusalimia. Mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea na aliyemvika nguo mpya siku alipotoka jandoni, alimtazama akasema sasa amekuwa mtu. Hakuuliza ilikotoka. Siku chache baadaye Mama alimpeleka na kanzu ileile kwa kaka zake, akatambulishwa.

Kwa hiyo kanzu moja ilikuwa imesema mambo mawili. Kwa kaka za Mama ilisema mwoaji amekuja. Kwa mjomba ilisema mpwa wake anajitegemea. Kijana alikuwa amesimama katikati, ndani ya nguo pana kuliko zote alizowahi kupewa na Mama, na ndiyo pekee aliyoipenda.

Oktoba 2018 bei ya mnada ikashuka chini ya 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, jeshi likaja kusomba. Malipo yakaenda na uhakiki: mwenye mzigo mkubwa aoneshe shamba. Mama alikuwa na mzigo, shamba hana. Fedha aliyoitoa kwa wakulima ilikuwa ya kukopa. Kufikia Desemba alikuwa amefunga duka la vitenge na anakwepa simu za wadai. Mwezi huohuo kijana akaacha kwenda kwake.

Kijiwe kilisema amekimbia kwa sababu mfereji umekauka. Yeye alisema alichoka kuitwa Marioo. Nadhani vyote viwili vilikwenda pamoja: matusi alikuwa anayavumilia kwa malipo, na malipo yalipokoma hakuona sababu ya kuvumilia. Baraza halikumuuliza hivyo, nami sikuona haja.

Barazani

Tulikaa siku ya Jumamosi. Mwenyekiti, mimi, Mama na daftari, kijana na begi, mjomba aliyekuja kwa basi la alfajiri kutoka Newala, fundi cherehani kama shahidi, na madereva wawili wa kijiwe ambao hakuna aliyewaita. Kijana aliingia amevaa reflekta.

Mwenyekiti alianza kwa mzaha, na mzaha ule uliharibu nusu saa nzima. "Sheria ya Ndoa inasema mume amvishe mke," alisema. "Sasa hapa mume ni nani?" Benchi likaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa. Mjomba hakucheka.

Mwenyekiti hakukosea sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtwisha mume wajibu wa makazi, chakula na mavazi ya mkewe kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo anabebeshwa wajibu huo pale tu mume anapokuwa hajiwezi. Ndivyo hata mtaani tunavyofikiri: nguo inatoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke. Lakini wale wawili hawakuwa mume na mke, na swali lake lilikuwa la kumvua mtu mbele ya watu.

Mama ndiye aliyekata kicheko. "Mwenyekiti, sikuja kutafuta mume hapa. Nimekuja na daftari."

"Mama, nguo ulinipa," kijana alisema taratibu.

"Nilikupa ukiwa wangu."

Hapo nikaomba tusimame kidogo, nikawachukua pembeni mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa karibu kusema jambo ambalo lingemwumiza. Kijana alitaka kujitetea kwamba nguo zilikuwa malipo: amefanya kazi, amelipwa, deni liko wapi? Nilimweleza kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba, kwamba makubaliano yenye lengo lililo kinyume cha maadili ni batili, na akisimama kusema alilipwa kwa kulala na mtu atakuwa ameutupa utetezi wake na jina lake kwa pigo moja. Mama naye alitaka kusema kwamba alimlipa na huduma imekatizwa. Jibu lilikuwa lilelile. Kwa hiyo wote wawili walirudi kwenye benchi wakiwa na sababu ya kutolitaja jambo ambalo kila aliyekuwepo alikuwa analiwaza.

Mwenyekiti alikuwa na kishawishi cha kuita polisi, "wamalizane huko". Aliuliza kama hakuna kifungu cha mwanaume anayelelewa. Kipo kinachokaribia, cha 145 cha Kanuni ya Adhabu, nacho kinamlenga mwanaume anayeishi kwa mapato ya ukahaba au anayesumbua watu hadharani kwa malengo machafu. Mwandishi wa kifungu hicho alikuwa anamwona kuwadi, mwanaume anayekula jasho la mwanamke anayejiuza. Fedha ya Mama ilitoka kwenye korosho na vitenge. Kijana aliyenunuliwa pamba kwa fedha ya korosho hayumo mle, na ni afadhali asiingizwe kwa nguvu.

Dereva mmoja kati ya wale wawili akaropoka neno kuhusu jinzi za modo na aina ya wanaume wanaozivaa. Mwenyekiti, kwa mazoea, akaanza kuandika. Nikamsihi alikate. Neno kama lile likikaa kwenye kitabu cha serikali mtu anaweza siku moja kulifungulia jalada, na kifungu cha 154 cha Kanuni hiyohiyo ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume cha maumbile, adhabu yake ni kuanzia miaka 30 mpaka maisha. Suruali iliyobanwa na fundi kwa amri ya mwanamke ikawa karibu kumpeleka mtu huko. Mwenyekiti akalikata, dereva akatolewa nje. Mwenzake akamfuata bila kuambiwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri zaidi, kwa sababu tulirudi kwenye vitu. Begi likafunguliwa. Simu na saa vilikuwepo, vizima. Mashati mawili yalikuwa bado kwenye nailoni zake, hayajavaliwa. Raba nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Jinzi zikawekwa mezani na fundi akaitwa. Alizigeuza ndani nje, akaonesha mishono miwili iliyokwenda sambamba.

"Hizi nimezibana mara mbili, na kitambaa nimekikata," alisema. "Huyu paja lake jembamba na mguu mrefu. Nani mwingine ataingia humu?"

Mama, ambaye ni muuza nguo, hakubisha. Alijua kuliko sisi sote kwamba jinzi ikishakatwa kwa umbo la mtu mmoja haina bei kwa mwingine. Akayaondoa kwenye madai yake mashati mawili yaliyovaliwa, raba na moka kwa hoja ileile, kwa shingo upande. Ikabaki kanzu.

Kanzu haina ubishi wa fundi. Ni pana, inamfaa mtu yeyote wa kimo kile, inafuliwa na kupigwa pasi na kurudi dukani. Na ndiyo nguo pekee ambayo sheria ilikuwa na la kusema juu yake. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa, iwapo itathibitika kwamba mtoaji alikusudia iwe kwa sharti la ndoa, na si vinginevyo. Kifungu hakibagui kati ya mwanaume na mwanamke. Mama alikuwa na kaka zake kama mashahidi kwamba kanzu ile ilipelekwa kwao kama vazi la mwoaji. Niliwaeleza wote hivyo.

Kijana, aliyekubali kila kitu mpaka hapo, alikataa. Aliikumbatia ile kanzu iliyokunjwa kama mtu anayenyang'anywa hati. Alisema atailipa kidogo kidogo, alfu mbili kila siku baada ya hesabu ya bosi. Mama akasema hataki alfu mbili za kila siku, anataka kanzu, kwa sababu hataki kuiona mjini kwenye mwili wake.

Mjomba alikuwa hajasema neno toka asubuhi. Aliuliza bei yake mara moja tu, kama anayethibitisha. Kisha akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, akahesabu 65,000 juu ya daftari la Mama, noti za elfu kumi na za elfu tano. Msimu ule hata yeye alikuwa bado anasubiri malipo ya korosho zake; sikumuuliza alikopa wapi.

"Mama, hiyo ni kanzu yako, umelipwa," alisema. Akamgeukia kijana. "Hii nimekupa mimi. Ukiulizwa, ni ya mjomba wako."

Kwenye ukoo wa Kimakonde, ambako mtoto ni wa upande wa mama yake, mjomba akisema hivyo amesema yote. Zaidi ya hapo alikuwa ametengeneza kile nilichokuwa nimekiona tangu mwanzo bila kuambiwa: amebadilisha mlipaji. Kitambaa ni kilekile, mishono ni ileile, na kuanzia dakika ile kijana angeweza kuivaa msikitini bila mtu kuuliza.

Hesabu ya mwisho: Mama aliondoka na simu na saa, 250,000, mashati mawili mapya, 36,000, fedha ya kanzu, 65,000. Jumla 351,000 kati ya 542,000. Zilizobaki, 191,000, ni jinzi, mashati mawili yaliyovaliwa, raba na moka, ambavyo vyote vilibaki kwenye begi la kijana. Mama aliniuliza kama anaweza kuzifuata Mahakama ya Mwanzo. Nilimwambia mlango uko wazi, lakini zawadi zile hazikuwa na sharti la ndoa ndani yake, na hakimu atamwuliza zilikuwa za nini.

Mwenyekiti akaandika kitabuni: "Mgogoro wa mali. Umesuluhishwa." Akawapa kalamu watie saini. Kijana akatia, mjomba akatia kama shahidi. Mama akalisoma neno la mwisho, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kibiashara, mbele ya jina lake: "Nimepokea 351,000. Sijaridhika."

Mwenyekiti alitaka kulifuta. Nilimwambia aliache.